Isale la Mdogo Wangu

Mdogo wangu, fundi wa malori, alioa Sudani. Vita vilipoanza tulimsihi arudi nyumbani Old Moshi, akagoma kuwaacha wakwe zake. Mwishowe mambo yakamzidi, akavuka jangwa hadi pwani ya nchi jirani, akapanda boti ya kwenda Ulaya na mkewe na mtoto wao mchanga. Wakafika salama, mama akachinja jogoo. Kumbe tulijifurahisha bure.

Akapiga simu kutoka walikofungiwa. "Dada, serikali ya huku imesema aliyekuja kwa bahari hasikilizwi. Anarudishwa alikopandia boti."

Waliokuja kwa ndege, wao wanakalishwa kitini na kuulizwa yaliyowasibu. Nilipandwa na hasira nikataka kumtukana mtu, lakini nimtukane nani? Mimi nauza vitenge Moshi mjini.

Nilimkuta mama akimkatia ng'ombe majani, nikamweleza. Akauliza mwanawe ana kosa gani. Nikamwambia amepita baharini.

"Kupita majini ni kosa?"

"Kwao ni kosa, mama."

"Basi tumwombee radhi."

Akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo. Kwetu Wachagga, mtu akikuletea jani hilo humfukuzi, hata kama amekuulia ng'ombe. Unampokea, mnazungumza. Akanipa nilipeleke kwa wakubwa wa nchi ile. Nikamfokea: mama jamani, nilipeleke wapi, na nani atanifungulia mlango? Akazidi kuninyooshea mkono wenye jani. Nikalipokea.

Nilichoweza ni kulipiga picha na kumtumia mdogo wangu. Akamwonyesha askari wa zamu. Askari, ambaye mdogo wangu alisema ni mtu mpole kabisa, akauliza kama hiyo ni mboga.

Sikumficha mama. Hata nguvu ya kutunga uongo sikuwa nayo. Hakulia. Alisema isale likikataliwa hupelekwa tena, mpaka mwenye hasira alainike, akatoka kwenda kuchuma lingine.

Tangu Jumatatu simu ya mdogo wangu haipatikani. Napiga nikiamka, napiga dukani, napiga nikiwa napanda kurudi kwa mama. Jana kanipa la tatu, fundo kalikaza kweli kweli.

"Kesho wapelekee," akasema.

Yote matatu yamo kwenye mkoba wangu, la kwanza limeshaanza kukauka. Sina pa kuyapeleka.