Dereva wa Safari za Kolandoto

Nilipopewa kazi ya kuwasimamia madereva wa bajaji za kuitwa kwa simu pale Shinyanga mjini, bosi aliniagiza jambo moja: wasiondoke. Maana walikuwa wanaondoka kweli. Kila wiki mmoja alirudisha kizibao chake cha njano, akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Niliwagawia fulana, nikawapikia pilau. Walikula, wakashukuru, wakaondoka.

Asubuhi moja akaja dereva wa makamo ya baba yangu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mayu,” akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

Akaweka kizibao mezani, kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

“Na wewe? Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Ila simu yako ikiita, najua nimeharibu. Utasema umechelewa, umekataa abiria. Hujawahi kunipigia kuniuliza nimeamkaje.”

Alipotoka nikafungua taarifa zake. Maonyo yote yalikuwa ya kuchelewa, na yote baada ya safari za hospitalini Kolandoto. Nikampigia abiria wa safari zile. Akapokea mama mmoja.

“Yule mzee? Mwanangu hatembei. Anambeba mgongoni mpaka chumba cha mazoezi, na akilia anakaa naye mpaka atulie. Mtoto anamwita babu. Kwani ana shida?”

Nikafunga ofisi, nikakimbilia stendi. Nilimkuta kwenye basi la Geita, amekaa dirishani. Nikasimama chini nikamwomba radhi, nikamweleza aliyoniambia mama wa yule mtoto, watu wakinitazama, machozi yananitoka.

“Mama yake amesema hivyo?” akauliza.

“Amesema hivyo hivyo.”

Akavua kofia akajifuta macho. Lakini hakushuka. Mdogo wake alikuwa anamsubiri kule, na alishamwahidi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi niliwapigia madereva watatu. Mwanzoni walipokea kwa hofu. “Nimefanya nini tena, dada?”

“Hujafanya kitu. Umeamkaje?”

Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mwingine akanieleza kuwa mkewe amejifungua mapacha na hajalala siku tatu. Nikamwambia apumzike, hakuna atakayemwonya. Wanaopeleka wagonjwa nikawafutia maonyo, bosi akanuna, kisha akazoea. Bado wapo walioondoka, ila walikuja kuniaga.

Yule mzee naye nilimpigia kila Jumapili, ingawa hakuwa dereva wangu tena. Alinisimulia vumbi la machimboni na mgongo unaouma. Mwezi wa pili tangu aondoke akaniuliza, “Yule mtoto anapelekwa na nani?”

“Dereva mwingine. Ila mama yake ndiye anayembeba.”

“Amekua mzito yule. Mama yake ataumia.”

Wiki iliyofuata akatokea mlangoni, amekonda, begi begani. Sikumuuliza machimbo yamempa nini. Nilimmiminia chai, akanywa vikombe viwili, kisha akanishukuru kwa Kisukuma, “Wabeja, mayu. Nipe bajaji.”