Harusi ya siku moja yamtia Ok-bun kwenye kodi ya nchi mbili

Kumepambazuka nusu tu Chengyang, na baridi ya Novemba inauma masikio. Maeng Ok-bun anazamisha mkono wenye glavu ndefu ndani ya tangi la maji ya chumvi, anatoa kabichi moja na kukunja jani lake la chini. Jani linapinda bila kukatika.

"Hizi zimekolea. Toeni," anasema, na wanawake sita wanaanza kuzivuta.

Ok-bun, 57, ni mkuu wa kitengo cha chumvi katika kiwanda cha kimchi, kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, hapa Qingdao, China. Msimu huu kila nyumba Korea inataka kimchi ya majira ya baridi, naye hapati hata nafasi ya kukaa. Mshahara wake ni yuan 9,000 kwa mwezi, na kodi yake anailipa bila kinyongo. Kilichomkosesha usingizi mwaka huu ni pesa nyingine, ndogo, inayotoka ng'ambo.

Kwao Haenam, kusini mwa Korea, ana nyumba aliyoachiwa na mama yake. Chumba cha mbele amempangisha mwoka mikate kwa won laki nne na nusu kwa mwezi. Pesa hiyo ndiyo inayolipa mkopo wa paa jipya.

"Sikuolewa, sikuzaa," anasema. "Uzee wangu wote uko pale."

Mgeni anayefanya kazi China hatozwi kodi ya huku kwa kipato cha kwao mpaka atimize miaka sita mfululizo. Ukiingia wa saba, chochote unachopata, popote duniani, China nayo inataka hesabu yake. Ila ukikaa nje ya nchi zaidi ya siku thelathini kwa mkupuo mmoja, miaka inaanza upya.

Ndiyo maana Wakorea wa Chengyang, mwaka wa sita ukifika, huagana mikahawani kwenda "kukata miaka". Ni karamu za nyama nyingi na machozi machache, kwa kuwa kila mtu anajua anayeagwa atarudi baada ya wiki tano.

Ok-bun naye aliagwa Septemba mwaka jana, likizo ya siku arobaini. Siku ya kumi na nane, akiwa Haenam, simu ikalia. Alikuwa Jiang Xinlei, binti wa kitengo chake, yatima aliyelelewa na bibi ambaye naye ameshafariki. Wakwe walikuwa wameivuta karibu tarehe ya harusi yake.

"Mama mdogo, wakati wa kuwapa wazazi chai, kiti cha upande wangu kitakuwa kitupu," Xinlei alimwambia. "Lakini usijali. Nitaweka picha ya bibi."

"Angelia ningekataa," Ok-bun anasema. "Aliponiambia nisijali, ndipo aliponimaliza."

Akapanda ndege. Akakalia kile kiti, akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili, akalala usiku mmoja, kesho yake akarudi Haenam kumalizia likizo.

"Nilijumlisha. Siku kumi na nane, na ishirini na moja. Nikajiona mjanja."

Sheria haijumlishi. Tak Jun-ho, mhasibu anayewashughulikia Wakorea wengi wa mtaa huu, ndiye aliyemfumbua macho mwezi wa tatu.

"Mama, kwani ulirudi katikati?"

"Siku moja tu. Nilikuja kunywa chai."

"Chai ya bei hiyo sijawahi kuiona," Tak akamwambia.

Habari zilifika Haenam haraka. Mdogo wake, Gi-pyo, akapiga simu usiku huohuo.

"Dada, utalipa huku, utalipa na huko. Mkopo wa paa utaulipa na nini? Niuzie mimi nyumba kabla hawajaimaliza."

Ok-bun aliogopa. Anakiri kwamba alilia peke yake chumbani, kisha akamwambia Gi-pyo atafute mwanasheria wa kuandika mauzo. Kwa wiki mbili alijihesabu mtu asiye na kwao.

Kilichomwokoa ni Tak kumkalisha chini. Wapo wanaodhani mkataba wa kodi kati ya China na Korea maana yake hulipi kitu. Wengine, kama Gi-pyo, hawajui kama upo.

"Mkataba hausemi usilipe," Tak anafafanua. "Unasema usilipe mara mbili. Nyumba iko Korea, kwa hiyo Korea inakata kwanza. China inapiga hesabu yake, inatoa kile kilichokatwa Korea, wewe unamalizia kilichobaki. Leta uthibitisho wa malipo ya kule, basi."

Kilichobaki ni kama yuan elfu tatu kwa mwaka. Ok-bun alimpigia mdogo wake mwenyewe.

"Kwa hiyo huniuzii?" Gi-pyo akauliza.

"Sikukuu njoo ule. Kuuza, hapana."

Kulipa kunamuuma, hafichi. "Wenzangu siku ya harusi walitoa bahasha ya pesa wakamaliza," anasema. "Mimi yangu naitoa kila mwaka."

Bado anaweza kukata miaka. Mwajiri amempa likizo ndefu kuanzia Februari, msimu ukishapita, na tikiti alikuwa ameshailipia. Lakini Xinlei, aliyehamishiwa kubandika lebo kwa sababu ya ujauzito, anatarajia kujifungua mwezi huohuo. Huku mzazi hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji ya baridi, na anayempikia ni mama yake.

"Safari hii nenda, mama mdogo," Xinlei anamwambia wakinywa chai ya mapumziko. "Nitaajiri mtu."

"Mtu gani? Supu ya mwani tunayompa mzazi kwetu ataijulia wapi, kwenye simu?"

"Na kodi je?"

"Kodi tumeshazoeana. Huyo wa tumboni ndiye sijamjua bado."

Tikiti ameshairudisha. Atakwenda Haenam mtoto akishajua kutembea, anasema, akae siku arobaini kamili, na mama na mtoto atawachukua.

"Nyumba ile haijawahi kuingia mjukuu."