Kipkemei na Wafalme wa Kanchi

Mwaka wa 1957 Kipkemei alikuwa na miaka ishirini na tisa, na chuo cha ualimu hakikupokea mtu aliyepita thelathini. Kwa miaka minane alikuwa amefundisha darasa la pili kule Keringet, akiwaimbisha watoto hesabu mpaka koo likamkauka. Ili aingie chuoni, apate kufundisha madarasa ya juu, alihitaji cheti cha sekondari. Masomo mengine yote alikuwa ameyapita. Ilibaki historia, na nafasi ya kufanya mtihani ilibaki moja.

Aliyekubali kumfundisha alikuwa mtu mmoja tu, Raghavan, mwalimu Mtamil wa shule ya Wahindi mjini Nakuru. Raghavan alijua historia ya India, basi Kipkemei akajiandikisha kwa historia ya India. Kila Jumamosi alipanda lori la pareto alfajiri, akashuka mjini nguo zikinuka maua makavu.

Raghavan alizaliwa Kanchi, uliokuwa mji wa wafalme Wapallava. Alipowataja sauti yake ilishuka, kama mtu anayetaja marehemu wa nyumbani. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, alisema, Mahendravarman alichonga mahekalu ndani ya mwamba. Mwanawe Narasimhavarman akauteka Vatapi, mji wa mahasimu wao. Halafu akaja Mahendravarman mwingine, na baadaye Narasimhavarman mwingine.

Hapo Kipkemei akatabasamu. Jambo hili alilijua.

Kwao Wakipsigis, mwanamume huingia rika anapotahiriwa, na majina ya marika ni machache, yanazunguka. Rika likizeeka na kwisha, jina hupumzika, kisha baada ya miaka mia hivi vijana wengine hulichukua. Yeye mwenyewe alikuwa Chumo, na Chumo wengine walikuwapo kabla babu ya babu yake hajazaliwa. Basi akawachora Wapallava kwa makaa ukutani, duara moja kubwa, kila mfalme mahali pake.

"Baba Sally," mkewe Chepkosgei alimwambia, "wageni wako wamekula?"

"Wageni gani?"

"Hao wa ukutani. Tangu Januari sijawapikia."

"Wakinipatia cheti utawachinjia kuku."

"Kuku yupi? Yule mmoja?"

Swali la mtihani lilisema: eleza kuinuka na kuanguka kwa Wapallava. Kipkemei nusura acheke. Alijaza kurasa nne. Kuinuka alikueleza vizuri. Juu ya kuanguka aliandika kwamba Wachola, wafalme waliowashinda, walipokea zamu tu. Kwamba Narasimhavarman aliyeteka Vatapi ndiye aliyerudi kujenga hekalu la Kanchi. Na kwamba majina yale bado yanangoja duara lizunguke.

Majibu yalifika Machi. Alikuwa ameanguka.

Aliipeleka barua kwa Raghavan, naye akauliza aliandika nini. Kipkemei akamweleza yote, neno kwa neno. Raghavan akavua miwani.

"Bwana Kipkemei, huyo wa pili ni kitukuu cha wa kwanza. Ni mtu mwingine."

"Najua ni mtu mwingine. Lakini jina limerudi."

"Jina, ndiyo. Ufalme ukaisha. Aditya wa Wachola alimuua Aparajita, mfalme wao wa mwisho, vitani, basi."

"Baada yake akashika ufalme nani wa kwao?"

"Hakuna."

"Hata baada ya miaka mia?"

"Hata baada ya elfu moja. Mimi natoka huko. Kuna mahekalu na mbuzi."

Kipkemei alitazama mikono yake. "Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Nilikuambia walianguka."

"Hukuniambia ni moja kwa moja."

Raghavan akasema Desemba kuna mtihani mwingine.

"Desemba nitakuwa nimepita thelathini."

Alirudi Keringet amesimama nyuma ya lori, meno yameumana. Hakuwa mvivu wala mjinga, na hilo ndilo lililomkera; angalikuwa mojawapo, angalijua pa kuelekeza hasira. Jumatatu aliandika moja mpaka kumi ubaoni.

Nafasi yake chuoni ilipewa Kipkorir, kijana wa rika la chini yake. Miaka miwili baadaye Kipkorir aliletwa shuleni hapo kuwa mwalimu mkuu. Asubuhi ya kwanza alimkuta Kipkemei mlangoni, akasita, kwa sababu kwa desturi yeye, mdogo wa rika, ndiye angepaswa kupisha.

Kipkemei akasogea kando. "Ingia, bwana mkubwa," akasema.