Mto Chini ya Goti la Ajwang

Tangu Ajwang atoke hospitalini na goti jipya, hakuna mtu nyumbani kwake Manyatta aliyekubali ateseke kwa amani. Na kuteseka ndiyo kazi aliyopewa. Daktari alimweleza mapema, kabla hajatia sahihi: baridi yabisi ilikuwa imelimaliza gegedu lote, mfupa unasaga mfupa, vidonge vya maumivu vinamchoma tumbo bure na sindano zinamtuliza kwa muda tu. Wangemwekea goti la chuma na plastiki. Lakini hilo, akasema, halitakuwa goti la msichana. Litavimba, litauma kwa wiki nyingi, na lisiponyooshwa na kukunjwa kila siku likiwa bado changa, litakauka vile lilivyo. Akaongeza jambo moja: asiweke mto chini ya goti. Atasikia raha, lakini goti litapona likiwa limepinda.

Ajwang alikuwa muuza mapazia ya mitumba sokoni Kibuye. Miaka ya mwisho aliuza akiwa ameketi, akiwaelekeza wateja kwa fimbo, na majirani wa kibanda wakawavuta wateja hao mbele ya macho yake. Alichotaka ni kusimama tena wima, atundike pazia lake mwenyewe. Basi.

Shida ilishuka kutoka Kisian na kuku wawili na ndoo ya dagaa wa omena. Huyu alikuwa wifi yake Perez, dada mkubwa wa mumewe Owiti, aliyekuja kumuuguza. Alimkuta Ajwang kitandani, kisigino juu ya taulo lililoviringishwa, goti halina kitu chini yake, machozi yanamtiririka.

"Mama Ouma!" Perez akamwita kwa jina la mwanawe. "Nani amekuweka hivi?"

"Ni mazoezi, dada."

"Mazoezi ya jeshi? Mtu amepasuliwa juzi!" Perez akachomoa taulo, akasukuma mto mnene chini ya goti. "Sasa. Iko sawa?"

Ilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi Ajwang. Maumivu yalipoa papo hapo. Angesema nini? Dada wa mume hajibiwi hovyo, tena huyu aliyeacha shamba lake kuja kukupikia uji. Alipoutoa mto, Perez aliurudisha. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, na kila mmoja akautengeneza vizuri kabla ya kuaga. Akishika fremu yake ya kutembelea aende uani, sauti ya Perez inamfuata: "Keti! Unataka watu waseme hatukukuangalia?"

"Ongea na dada yako," alimwambia Owiti.

"Mimi? Huyo alinibeba mgongoni," Owiti akajibu, akaongeza sauti ya redio. "Vumilia tu."

Ajwang alitamani kumtwanga na fremu.

Siku ya kliniki ilifika, na Perez akamsindikiza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa Nyamasaria aitwaye Mercyline, alimlaza, akapitisha kiganja chini ya goti. Kilipita chote bila kugusa kitu; goti lilikuwa limeanza kukauka likiwa limepinda. Uso wake ukabadilika.

"Mama, unaweka mto hapa chini?"

Perez alikuwa amesimama pale pale, mkoba wa Ajwang begani. Ajwang alimtazama, akaangalia dari.

"Hapana," akasema.

"Na mazoezi unafanya?"

"Nafanya."

"Basi hapo sielewi. Itabidi daktari akuone. Pengine akurudishe thieta ya upasuaji, akulaze usingizi, anyooshe hiyo goti kwa nguvu."

"Si nilisema?" Perez akadakia. "Hiyo mazoezi ndiyo imeharibu. Wangemwacha apumzike."

Hapo ndipo adabu yote ilipomtoka Ajwang.

"Ni wewe! Ni wewe na mto yako! Nilikuambia ni mazoezi, ukakataa. Unanihurumia mpaka unanilemaza!"

Wagonjwa kwenye benchi la nje waligeuka. Ajwang aliona aibu, na bado hasira haikuisha, maana nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia yeye mwenyewe. Mdomo alikuwa nao siku zote hizo. Na hata sasa, mbele ya mtu ambaye angemsaidia, alikuwa amedanganya.

Perez alifunga leso yake kiunoni, akaifungua, akaifunga tena.

"Sikuweza kukuona ukilia," akasema mwishowe. "Mama yetu alilia na magoti mpaka akaenda kaburini. Hakuna mtu alimtengenezea."

Mercyline hakuwapa nafasi ya kulia. Aliweka taulo chini ya kisigino, akaishika mikono ya Perez, mikono mipana ya jembe, akailaza juu ya paja la Ajwang karibu na goti.

"Mama, bonyeza polepole. Akikaza, ngoja. Lakini usitoe mkono."

Perez alibonyeza. Ajwang akapiga yowe, na Perez akaruka nyuma kana kwamba ameungua.

"Nani amekuambia uachilie?" Ajwang akasema, meno yameumana. "Rudi hapa."

Perez alirudi. Aligeuza uso ukutani, machozi yakimdondoka hadi kwenye leso, akabonyeza. Goti lilishuka kidogo, likagoma. Ajwang alikuwa analia kwa sauti, na Perez alikuwa analia kwa sauti, na mikono haikutoka.