Nililiziba Pumzi Gari la Mume Wangu

Aliyeharibu gari lile ni mimi. Si dereva, si petroli iliyochanganywa na maji kama watu walivyosema. Ni mimi, kwa mikono hii ninayoandikia. Majina ya wengine nimeyabadilisha na langu silitaji. Nisomeni, halafu mseme mtakavyo.

Tunakaa Kitendaguro, kwenye kibanja cha migomba ambacho mume wangu aliachiwa na baba yake. Nitamwita Baba Adventina, kwa jina la binti yetu mkubwa. Alikuwa na pikapu ya petroli aliyoinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama Bukoba. Alisomba kahawa ya vijiji kuipeleka ushirika, na siku nyingine ndizi na abiria. Gari lile alilipenda mno.

Vipuri vilikuwa havipatikani, kwa hiyo alijifunza kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea, kwa sababu ya kubana petroli. Basi tukitoka misa anakula, anavua shati, anafungua boneti. Anasugua plagi kwa brashi ya waya. Anapiga platini msasa. Kabureta aliiosha kwa petroli ndani ya bakuli langu la mboga, na mimi nikimgombeza huku nacheka. Tulikuwa na maisha mazuri, nisidanganye.

Jumapili moja alifungua bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye kabureta, akaliziba mdomo kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Akaniomba nimkumbushe kukitoa. Akanieleza kwamba kikibaki mle ndani gari litakosa pumzi: tambarare litakwenda, lakini likipata mzigo na kilima litatoa moshi mweusi na kugoma. Nilimkumbusha. Laiti nisingemsikia!

Baadaye wifi yangu, dada yake mwenyewe, akaniambia habari za Muleba. Kulikuwa na mjane huko, Pelagia, na mume wangu alikuwa amemwezekea nyumba kwa bati. Ndiyo maana safari za Muleba zilikuwa haziishi hata msimu wa kahawa ukiisha. Wifi alinishika mkono akaniomba nizungumze na kaka yake taratibu.

Sikuzungumza naye. Hata neno moja la Muleba. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwitikia. Moyoni nilitaka ateseke bila kujua anateswa na nani.

Kwenye sanduku kulikuwa na gauni la zamani la shule la Adventina, la maua ya bluu, limechanika. Nilikata kipande. Asubuhi aliyoaga kwenda Muleba, alipokuwa anaoga, nilichukua bisibisi, nikalegeza bomba, nikakisukuma kitambaa ndani, si chote, kiasi tu, nikakaza tena. Bisibisi nikairudisha mahali pake.

Alirudi siku hiyo hiyo amechoka, uso mweusi kwa moshi. Muleba hakufika. Gari lilikuwa limemshinda kilimani, akageuza. Nilimpa maji ya kunawa na kumpa pole. Jamani, nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Nikaufanya mchezo. Akitaka kulifungua gari, mimi nimeshatoa kitambaa kabla. Anasafisha kila kitu, anawasha, linanguruma vizuri, anatabasamu kama mtoto. Akitaja Muleba, kitambaa kinarudi. Akienda kusomba kahawa, nakitoa. Alianza kukonda. Alirekebisha nafasi za valvu, alibadilisha waya za plagi, alifungua tangi na kulikausha kwa jua. Jumapili nzima yuko chini ya gari, na mimi nimekaa kwenye mkeka namenya ndizi, namtazama. Akiniuliza kama nadhani ni kabureta, najibu kwamba labda ni kabureta.

Kisha siku moja nikafanya kosa. Nilikiacha kitambaa ndani, na siku hiyo likabeba kahawa ya kijiji. Gari likagoma njiani, mvua ikanyesha, magunia yakaloa. Mambo yakawa makubwa. Viongozi wa kijiji walisema hiyo ni hujuma na wakataka mtu.

Mtu huyo alikuwa Felix. Felix alikuwa dereva aliyepokezana na mume wangu, na ndiye aliyeliendesha siku ile, Mlutheri mpole, baba wa watoto wadogo, anayeimba kwaya. Funguo zilikuwa kwake na kwa mume wangu tu. Tuliitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mume wangu alisema hajui, gari lilikuwa zima alipolikabidhi. Balozi akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimemwona mtu yeyote akigusa injini.

Nikasema, "Nilimwona Felix amefungua boneti, peke yake, akigeukageuka kama mtu anayeogopa."

 Felix alidhani nimekosea. Akaniambia kwa adabu, "Mama, labda ni siku nyingine. Hebu kumbuka vizuri."

Nikasema nimekumbuka.

Mgambo walimfunga mikono mbele ya watoto wake. Mume wangu naye alimpiga, kwa hasira ya Jumapili zote zile alizolala chini ya gari. Walimkanyaga mkono wa kulia. Alipoachiwa, vidole vilikuwa havikunjiki, na dereva asiyeweza kushika usukani nani atamwajiri? Mkewe akawa anabangaiza kwa kulima vibarua. Nilipokutana na mwanamke huyo njiani niliinamisha kichwa na kupita. Na bado, mkinielewa, na bado sikuacha! Mume wangu alipoanza tena safari za Muleba, nilitoa kitambaa kwenye sanduku.

Adventina wakati huo alikuwa ameolewa Izimbya, na mimba yake ya kwanza imekua. Asubuhi ile mume wangu aliaga kwamba anakwenda Muleba. Nikafanya kazi yangu. Nikaenda shambani kupalilia migomba nikiimba.

Alikuwa bado mjini akitafuta petroli pale mkwe wetu alipomkuta, amekuja kwa baiskeli jasho linamtiririka. Adventina alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mkunga wa kijiji alikuwa amesema apelekwe hospitali mara moja. Mume wangu hakurudi nyumbani. Aligeuza gari pale pale akaelekea Izimbya.

Kwenda walifika kwa shida. Kurudi, Adventina amelazwa nyuma kwenye godoro, mkunga na mkwe wetu wamemshika, gari lilifika kwenye kilima likaanza kutoa moshi mweusi. Mume wangu aliweka gia ya kwanza, likazima. Akawasha, likazima. Alishuka akatoa plagi akazifuta kwa shati. Akafungua platini. Akapuliza bomba la petroli kwa mdomo. Huyo ndiye mwanamume niliyemfundisha kutafuta ubovu mahali ambapo haupo. Binti yangu alikuwa analia nyuma yake, akimwita baba yake, "Tata, nakufa. Tata, fanya haraka." Mkwe wetu alikimbilia vijijini kutafuta watu wa kumbeba.

Mwisho mume wangu alilegeza bomba la hewa. Akavuta. Kikatoka kitambaa cha maua ya bluu, kimelowa mafuta.

Adventina alikiona baba yake alipokuja nacho pembeni ya gari. Alikuwa amelala ubavu, macho yake yanatazama pale pale. Gauni lile nilimshonea mimi, na alilivaa mpaka likambana.

Gari lilipanda kilima kama jipya. Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa tumboni. Daktari alisema wamechelewa kidogo tu.

Mume wangu alirudi jioni yake nikiwa napepeta maharage uani. Sikujua lolote. Nilimwona nguo zina damu nikapiga kelele. Hakunigusa. Alinisimulia yote amesimama, kwa sauti ya chini, tangu mjini mpaka wodini. Kisha akasema, "Ungeniuliza tu kuhusu Muleba. Ningekujibu."

Nilipiga magoti. Nikamwambia twende kwa balozi, tumtoe Felix kwenye aibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimemharibu na yeye pia.  Akasema, "Nikisema ni wewe, watauliza kwa nini. Na mimi ndiye niliyempiga. Acha ibaki hivyo." Ikabaki hivyo. Tukanyamaza wote wawili, na Felix akaendelea kuitwa mhujumu.

Hakunifukuza. Watu wananisifia mume mwema. Alichofanya ni kumleta Pelagia. Alimjengea nyumba upande wa pili wa kibanja hiki hiki, mchana kweupe, na padre akamnyima komunyo naye akakubali kunyimwa. Pelagia ni mtu mzuri, hilo ndilo linaloniua. Ananisalimu kila asubuhi kwa kupiga magoti. Hajui chochote.

Adventina alijaliwa mtoto mwingine, wa kike. Alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilikuwa nimechinja kuku na kukoga na kuvaa vizuri. Nikanyoosha mikono. Alimgeukia Pelagia akamkabidhi mtoto, kisha akaniambia bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni, "Mama, wewe kaa pale." Mpaka leo sijamshika mjukuu wangu. Anatembea sasa. Akinikaribia, mama yake humwita.

Hivi karibuni nilikwenda kwa Felix. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuweka pajani. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kitambaa, nilimwambia uongo wangu. Mkewe alitoka ndani akasimama mlangoni kusikiliza. Nilitegemea anitukane, au anipige, au basi anisamehe, kwa kuwa ni mtu wa kanisa.

Felix aliendelea kupukuchua mpaka likabaki gunzi tupu. Akasema, "Uliyasema mbele ya balozi, watu wamejaa. Kayaseme pale pale. Hapa kwangu hayanisaidii."

Sijakwenda. Nimeshavaa kwenda, nikafika njiani nikarudi. Naogopa macho ya watu wa Kitendaguro, naogopa mgambo, naogopa Pelagia akijua atanitazamaje. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nimekuja kwenu kwa sababu hamnijui.

Wanawake wenzangu, na wanaume pia, mkiumizwa semeni. Gombaneni, lieni, rudini kwenu, lakini semeni na aliyewaumiza, uso kwa uso. Msimlipe kwa kificho. Mimi nilimlenga mume wangu, nikampata Felix, nikampata mtoto ambaye hata jina hakupewa. Mume wangu bado yuko pale nje leo Jumapili, amefungua boneti, na Pelagia anamshikia spana. Gari halijagoma tena.