Baraza la Juu la Mfereji wa Madibira

Mjomba wangu alikuwa mwenyekiti, kwa kipindi cha pili, wa kikundi kidogo cha wakulima wa mpunga kule Madibira, na alikuwa na fahali aliyependa mpunga kuliko majani. Kila fahali huyo alipoingia kwenye majaruba ya mpunga ya watu wa chini, wale wanaopata maji mwishoni mwa mfereji, mjomba aliahidi kumfunga, kisha akasahau. Ilifika mahali baadhi yao hawamsalimii.

Likizo hiyo nilitoka Mlandege, Iringa mjini, ninakofundisha Kiingereza, nikaenda kumtembelea. Usharika wetu wa kanisa ulikuwa na mgeni kutoka Marekani, mzee aliyefundisha somo la uraia maisha yake yote, naye akaomba tufuatane akaone mpunga. Tulifika siku ya mkutano wa kikundi, akaombwa asalimie. Badala ya kusalimia akaanza kueleza serikali ya kwao, mimi nikatafsiri nimesimama juani: Bunge linatunga sheria, rais anazitekeleza, mahakama inaamua sheria zinasema nini, na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake asijifanye mfalme. Niliposema Bunge lao lina mabaraza mawili, la juu na la chini, watu walitazamana. Wa mfereji wa juu wakanyanyuka, wakaenda kukaa peke yao.

Nikajaribu kufafanua kwamba juu na chini ni majina tu. Hakuna aliyenisikiliza. Kabla chai haijapoa tulikuwa na mabaraza mawili, mjomba amekuwa rais, na wazee watatu wamekuwa mahakama. Mmoja wao, bibi aliyekuja kuuza maandazi, aliniuliza kazi hiyo inakwisha lini. Nikamuuliza mgeni. Akasema kwao majaji wa juu hukaa hata maisha yao yote.

"Mpaka nife?" bibi akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Akaomba aletewe kiti chenye mgongo.

Baraza la Chini lilianza kazi papo hapo kwa kumshtaki mjomba kwa sababu ya fahali. Mjomba akasimama akasema anakataa kutia sahihi. Mgeni akaeleza kwa upole kwamba rais anaweza kukataa muswada, lakini si mashtaka yake mwenyewe. Mjomba akafikiri kidogo, akauliza kama rais wa kule husamehe wahalifu. Husamehe, mgeni akasema, ila msamaha hauwezi kumwokoa kiongozi asishtakiwe bungeni.

"Basi namsamehe fahali," mjomba akasema.

Watu wote wakanigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyemsamehe. Mgeni hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba fahali si kiongozi, kwa hiyo anaona msamaha huo ni halali, kwa makosa aliyokwisha kufanya tu. Nilitafsiri kwa sauti ndogo sana.

Kesi ya mjomba ikaenda Baraza la Juu, ndilo linalohukumu. Mpunga wao fahali hakuwahi kuugusa, na wala hawakuona shida yoyote. Theluthi mbili ya kura za kumwondoa haikupatikana, mjomba akabaki madarakani, akapeana mikono na kila mtu.

Asubuhi iliyofuata fahali alipanda juu, akala jaruba la mkubwa wa Baraza la Juu. Sasa wa juu ndio waliotaka mwenyekiti aondolewe, ila mashtaka lazima yaanzie chini, na wa chini wakasema wao wameridhika na uongozi. Walisema hivyo wamekaa kwenye tuta, wakimtazama fahali anavyotafuna. Ikabidi twende mahakamani, yaani kwa bibi. Akaamua fahali afungwe kamba. Tukauliza nani amfunge. Mgeni akasema mahakama haina askari, utekelezaji ni wa rais. Rais alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mnadani.

Tulisimama pale na katiba yetu, mpunga ukiisha. Nilitamani ardhi inimeze, maana kila neno lililotufikisha hapo lilikuwa limetoka kinywani mwangu.

Mwishowe mke wa mjomba alitoka jikoni, akavuka mfereji, akamkamata fahali pembe, akamfunga kwenye mti. Mgeni akaniomba nimuulize amefanya hivyo kwa mamlaka gani. Sikutaka kuuliza, ila nilikuwa mkalimani.

"Kwa kamba," akajibu, akarudi jikoni.

Mgeni akaomba nirudie jibu hilo, kisha tukapanda basi la kurudi Iringa.

Mjomba hakuzungumza nami muda mrefu. Baada ya mavuno alinitumia gunia la mchele, kisha akapiga simu. Tulisalimiana, akaniulizia watoto na mvua ya Iringa, halafu akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, eti kule mtu mmoja anaweza kuchaguliwa rais mara ngapi.

Nikamwambia mara mbili tu.

Akasema mtandao unasumbua, akakata.