Dole Kwenye Fomu ya Upasuaji

Karani wa wodi ya upasuaji huja asubuhi na fomu za ridhaa kwapani, na kila fomu ameikunja mpaka panabaki nafasi ya sahihi peke yake. Hufika kitandani akisema shikamoo mama kwa sauti laini, kisha hushika dole gumba la mgonjwa kabla hajaitikiwa marahaba. "Utaratibu tu," husema, na kukandamiza. Namwangalia tangu Jumatatu, nikimuuguza dada yangu. Leo alimfikia Mama Fikirini wa Chilangala, kitanda cha jirani, mwenye uvimbe tumboni.

"Mwanangu, wanatoa uvimbe tu, au na kizazi?"

"Daktari anajua, mama. Mjomba wako amesharidhia kwa simu."

"Kwani kizazi ni cha mjomba? Sheria si inataka nielezwe mimi?"

Wodi nzima ikacheka. Karani naye akacheka, huku dole la mama tayari limo kwenye wino. Alilikandamiza mara tatu, na mara tatu likatoa doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja, maana mafuta makali ya maganda ya korosho yamemfuta alama za vidole kwa miaka mingi ya kubangua. Karani akachomoa fomu nyingine kwapani, akageukia dirisha, akainama kidogo.

"Tumemaliza, mama."

Mama Fikirini alikuwa bado anangoja jibu. Karani alipopita mbele yangu niliiona fomu: ina alama safi, kila mstari unaonekana, na yeye anafuta wino kwenye dole lake mwenyewe.